Kumtafuta Mwanamke wa Kijijini wa Uingereza Katika Nyaraka za Kale

Mwanamke wa kawaida wa kijijini Uingereza, yaani binti wa kibarua wa shambani au wa fundi wa kijiji aliyeishi kati ya katikati ya karne ya 18 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa kawaida hakuacha maandishi yake mwenyewe, na mara nyingi hakujua hata kuandika jina lake. Karibu kila kinachojulikana kumhusu kiliandikwa na mtu mwingine, kwa haja za mtu huyo mwingine. Kasisi alimwandika kwa sababu aliletwa kubatizwa, kuolewa au kuzikwa. Karani wa sensa alimwandika kwa sababu serikali ilitaka hesabu ya watu. Na wasimamizi wa maskini wa kijiji walimwandika kwa sababu walihofia gharama za kumlisha. Mtafiti wa nasaba anayelitambua jambo hili mapema hupunguza usumbufu mwingi, kwa kuwa haulizi tu ni wapi jina la mwanamke huyo limeandikwa, bali huuliza pia ni nani aliyekuwa na sababu ya kumwandika, na sababu hiyo ilikuwapo katika kipindi gani cha maisha yake.

Kazi yenyewe huanzia kwa walio hai na kurudi nyuma kizazi kimoja baada ya kingine, kila hatua ikithibitishwa kwa hati kabla ya kuivuka. Utaratibu huo ni uleule kwa Mwingereza wa Norfolk na kwa familia ya Mombasa au Dar es Salaam yenye bibi mzaa bibi aliyetoka huko. Ni vema pia kufahamu kwamba tarehe na sheria zinazotajwa hapa zinahusu England na Wales, kwa sababu Uskoti ina usajili wake, ulioanza mwaka 1855 na ulio na taratibu tofauti.

Usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837. Kwa anayemtafuta mwanamke, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake kina thamani kuliko hati nyingi zinazomtaja moja kwa moja, kwa sababu safu ya mama katika cheti hicho huonyesha jina lake la kwanza, jina la ukoo la mume wake, na jina la ukoo alilozaliwa nalo. Ikiwa alikuwa amewahi kuolewa na kuachwa mjane kabla ya ndoa hiyo, safu hiyohiyo hubeba majina matatu ya ukoo: la mume wa sasa, la marehemu mume wa kwanza, na la baba yake. Mtafiti asiyeisoma safu hiyo kwa makini huenda akatumia miezi akitafuta ndoa ya msichana wa ukoo fulani, ilhali aliyesimama mbele ya kasisi siku hiyo alikuwa mjane na alitumia jina la marehemu.

Faharasa za usajili huo nazo hazilingani kwa ubora. Faharasa ya zamani iliyochapishwa haikuonyesha jina la ukoo la mama hadi robo ya tatu ya mwaka 1911, lakini faharasa mpya ya mtandaoni ya Ofisi Kuu ya Usajili inalionyesha tangu mwaka 1837, kwa hiyo inawezekana kukusanya watoto wote wa wanandoa wa wilaya moja kwa kuoanisha jina la ukoo la baba na la mama. Pengo la miaka minne au mitano katikati ya orodha hiyo linastahili kuchunguzwa, kwa kuwa huenda linaficha mimba zilizoharibika, mtoto aliyezaliwa wilaya nyingine, au mume aliyekuwa mbali. Mahali ambapo jina la mama limeachwa wazi, mara nyingi mtoto alizaliwa nje ya ndoa na jina lake la ukoo ndilo la mama yake. Tangu mwaka 1875 jina la baba wa mtoto kama huyo liliandikwa tu iwapo baba mwenyewe alifika pamoja na mama mbele ya msajili. Na kabla ya mwaka huo, kwa kuwa wazazi hawakubanwa ipasavyo na sheria, baadhi ya watoto hawakusajiliwa kabisa na hubaki kupatikana katika daftari la ubatizo peke yake.

Cheti cha ndoa kina kasoro moja ambayo imewagharimu watafiti wengi. Tangu mwaka 1837 hadi tarehe 4 Mei 2021 cheti hicho kilikuwa na nafasi ya jina na kazi ya baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, wala hakikuwa na nafasi ya mama wa yeyote kati yao. Serikali iliona vema kujua kwamba baba wa bibi harusi alikuwa kibarua au mchonga mawe, lakini mwanamke aliyemzaa na kumlea hakutajwa, na kwa hiyo mnyororo wa akina mama hukatika katika kila harusi na inabidi uungwe upya kwa hati nyingine. Hata jina la baba halipaswi kuaminiwa moja kwa moja, kwa sababu bibi harusi aliyezaliwa nje ya ndoa angeweza kumtaja babu yake au baba wa kambo, au kubuni jina ili kuepuka fedheha mbele ya watu. Majina ya mashahidi husaidia zaidi kuliko yanavyodhaniwa, kwani shahidi wa kike aghalabu alikuwa dada, na dada huyo anaweza kuwa na hati zilizo wazi zaidi kuliko ndugu yake.

Mfano unaofahamika wa jinsi hati hizi zinavyosomwa kwa pamoja ni Jemima Hand, mwanamke wa Dorset aliyezaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Melbury Osmond, ambaye asingekumbukwa na mtu kama mwanawe wa kwanza asingekuwa mwandishi Thomas Hardy. Baba yake, George Hand, alifariki mwaka 1822, na mama yake, Elizabeth Swetman, aliyeitwa Betty, aliachwa na watoto akitegemea msaada wa maskini wa kijiji. Jemima mwenyewe alifanya kazi ya utumishi wa nyumbani na upishi kabla ya kuolewa. Ndoa ilifungwa tarehe 22 Desemba 1839 huko Melbury Osmond, ingawa mume wake alikuwa mtu wa Higher Bockhampton katika parokia ya Stinsford, upande mwingine wa kaunti, na mtoto alizaliwa Higher Bockhampton tarehe 2 Juni 1840. Mtu anayeanza na cheti cha mtoto na kutafuta ndoa ya wazazi katika parokia alikozaliwa mtoto angekosa, kwa sababu desturi ilikuwa kufunga ndoa kijijini kwa bibi harusi. Na anayedhani kwamba ndoa lazima itangulie kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza kwa miezi tisa angeikataa tarehe iliyo sahihi. Mabibi harusi waliokuwa na mimba walikuwa wengi vijijini wakati huo, na wala halikuwa jambo la kumshangaza kasisi.

Sensa ilifanywa kila baada ya miaka kumi kuanzia mwaka 1801, lakini kwa mtafiti wa nasaba sensa yenye manufaa ni ya mwaka 1841 na zilizofuata, kwa kuwa hapo ndipo majina ya watu wote yalipoanza kuandikwa nchi nzima. Sensa ya 1841 ina upungufu wake: umri wa watu wazima ulipaswa kushushwa hadi namba ya karibu inayogawanyika kwa tano, hivyo mwanamke wa miaka 27, kama Jemima, angeandikwa 25, uhusiano na mwenye nyumba haukuandikwa, na mahali pa kuzaliwa pameonyeshwa tu kama ni ndani ya kaunti hiyo au la. Kuanzia mwaka 1851 parokia ya kuzaliwa ilitajwa, na hicho ndicho kipande cha habari kinachomrudisha mtafiti kijijini kwa wazazi wa mwanamke baada ya ndoa kumhamisha. Karani aliandika alichosikia, tena kutoka kwa mtu mwenye lafudhi ya kaunti nyingine, kwa hiyo jina la kijiji lisiloonekana kwenye ramani lisomwe kwa sauti kabla ya kutupwa. Umri nao hubadilika kutoka sensa hadi sensa, na mwanamke aliyeolewa na mume mdogo kwake hupunguza miaka kadhaa bila haya.

Safu ya kazi ndiyo inayodanganya zaidi. Mke wa kibarua alipalilia, alivuna, alifuga nguruwe wa familia, alifua nguo za watu kwa malipo, na bado karani aliacha safu yake tupu au akaandika tu kwamba ni mke wa fulani, kwa sababu kazi za msimu na zisizo na mwajiri mmoja hazikuhesabiwa ipasavyo. Palipokuwa na kazi ya mikono yenye jina, kazi hiyo huonekana: kusuka mabua ya ngano kwa ajili ya kofia katika Bedfordshire na Hertfordshire, ambako soko la kofia lilikuwa Luton, kutengeneza lesi katika Buckinghamshire, na kushona glavu karibu na Yeovil na Worcester. Safu tupu katika kaunti nyingine isichukuliwe kuwa ushahidi wa mwanamke aliyekaa bure.

Sensa ya mwaka 1911 inastahili kutafutwa hata pale ambapo nyingine zote zimekwisha kupatikana. Fomu zilizojazwa na wenye nyumba wenyewe ndizo zilizohifadhiwa, na mwanamke aliyeolewa aliulizwa ndoa yake ina miaka mingapi, watoto wangapi wamezaliwa hai katika ndoa hiyo, wangapi wangali hai na wangapi wamekufa. Mstari unaosomeka kwamba watoto kumi na mmoja walizaliwa na sita wangali hai humtaka mtafiti atafute vyeti vitano vya vifo vya watoto, ambao huenda hawakuonekana katika sensa yoyote kwa kuwa walizaliwa na kufa katikati ya miaka ya hesabu. Wajane hawakutakiwa kujibu swali hilo, lakini wapo waliojibu, na karani akayakata majibu yao kwa kalamu huku yakiendelea kusomeka. Sensa ya 1921 imefunguliwa kwa umma tangu Januari 2022. Ile ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa kwa kiasi na daftari la kitaifa la tarehe 29 Septemba 1939, ambalo lina tarehe kamili za kuzaliwa na ambamo mara nyingi jina la msichana limekatwa na jina la mume aliyemwoa baadaye kuandikwa juu yake.

Nyaraka zenye utajiri mkubwa kuliko zote, na ambazo wanaoanza utafiti huzifikia mwisho au hawazifikii kabisa, ni za msaada wa maskini. Sheria ya mwaka 1601 iliipa kila parokia, yaani eneo la kanisa moja ambalo pia lilikuwa kitengo cha utawala wa kijiji, jukumu la kuwatunza maskini wake kwa kodi iliyotozwa kwa wakazi, na sheria ya mwaka 1662 ikaruhusu mtu asiye na haki ya ukaazi kurudishwa parokia iliyopaswa kumtunza. Kutokana na sheria hizo lilizaliwa swali lililoulizwa mbele ya mahakimu kwa zaidi ya karne moja na nusu: huyu ni wa wapi, na nani atamlipia? Mwanamke asiyeolewa aliweza kupata haki ya ukaazi kwa kuajiriwa utumishi mwaka mzima katika parokia fulani. Akiolewa, alichukua haki ya mume. Na akifiwa, aliweza kupelekwa pamoja na watoto wake katika kijiji cha mume ambacho hakuwahi kukikanyaga, akiwa hamjui mtu yeyote huko.

Mahojiano ya ukaazi, yaani maelezo aliyotoa mtu kwa kiapo mbele ya mahakimu na karani akayaandika, ndiyo hati inayokaribia zaidi kuwa wasifu wa mwanamke maskini. Katika ukurasa mmoja anaweza kueleza alizaliwa wapi, baba yake alikuwa na haki ya parokia gani, aliajiriwa na mkulima yupi katika maonyesho ya kuajiri watumishi, kwa mshahara gani wa mwaka, alikaa muda gani, aliolewa lini na wapi, na watoto wake wana umri gani. Mwishoni kuna alama ya msalaba badala ya sahihi. Sauti yake imepitishwa katika lugha ya karani, na bado mtafiti hatapata kwingine mfululizo wa miaka ya ujana wake, ile miaka ambayo sensa haikuwapo na kanisa halikuwa na sababu ya kumwandika. Hati inayoandamana nayo, amri ya kurudishwa, hutaja parokia mbili, inayomtoa na inayompokea, na kwa hiyo hutafutwa katika masanduku ya nyaraka ya parokia zote mbili.

Mwanamke mwenye mimba asiyeolewa aliandikwa kuliko mwingine yeyote. Mwaka 1795 sheria ilizuia maskini kurudishwa kabla hawajaomba msaada, lakini ikamwacha nje ya ulinzi huo mwanamke huyo, ambaye alihesabiwa kuwa mzigo wa parokia hata kama alikuwa hajaomba senti moja. Sababu ilikuwa ya kifedha: hadi mwaka 1834 mtoto wa nje ya ndoa kwa kawaida alipata haki ya ukaazi mahali alipozaliwa, na wasimamizi walifanya haraka ili uchungu usimshike ndani ya mipaka yao. Mahakimu walimhoji baba ni nani, kisha baba aliyetajwa alitakiwa kuweka dhamana ya maandishi au kulipa kiasi cha kila wiki. Ubatizo wa mtoto huyo unaweza kumtaja mama peke yake, lakini dhamana humtaja baba pamoja na kazi yake na kijiji chake. Mwaka 1834 mfumo ulibadilishwa, parokia zikaunganishwa katika miungano yenye nyumba za kazi ambamo maskini waliishi na kutumikishwa, na tangu mwaka 1844 mama mwenyewe aliweza kuomba amri ya matunzo kwa mahakimu wa eneo. Hivyo kwa miaka ya baadaye mtafiti huhamia kwenye madaftari ya kuingia na kutoka nyumba hizo na kwenye madaftari ya mahakama ndogo.

Hesabu za wasimamizi wa maskini huonekana kavu, lakini zisomwe mstari kwa mstari. Jozi ya viatu kwa binti wa mjane anayekwenda kuanza utumishi, shilingi chache za wiki wakati wa ugonjwa, malipo kwa jirani aliyemuuguza mzazi, na hatimaye gharama ya jeneza, ni habari ambazo familia iliyojiweza kidogo haikuziacha popote. Hapa upo ukweli usiopendeza: familia ya kijijini isiyopata shida huweza kuonekana mara tatu tu katika kizazi kizima, ilhali familia iliyoteswa na njaa, mimba na vifo hujaza folda nzima. Nyaraka hizi ziko katika hifadhi za nyaraka za kaunti, kama ile ya Dorset iliyoko Dorchester, na si parokia zote zilizotunza zao. Mipaka ya kaunti ilibadilishwa mwaka 1974, kwa hiyo itafutwe kaunti ya wakati wa tukio, siyo ya leo.

Kabla ya mwaka 1837 uti wa mgongo wa utafiti ni madaftari ya parokia, yaliyoagizwa mwaka 1538, ingawa katika vijiji vingi miaka ya mwanzo imepotea. Penye pengo, zitafutwe nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka. Sheria ya ndoa iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754 ilileta daftari maalumu la ndoa lenye sahihi au alama za wanandoa na mashahidi, na ikawalazimisha wote isipokuwa Wakweka na Wayahudi kufunga ndoa katika Kanisa la Anglikana, kwa hiyo hata Mmethodisti au Mbaptisti wa miaka hiyo ataonekana humo, ingawa habari za kuzaliwa au kubatizwa kwa watoto wake huenda ziko katika madaftari ya kanisa lake. Kuanzia mwaka 1813 ubatizo uliandikwa katika fomu iliyochapishwa, yenye makazi na kazi ya baba. Katika madaftari ya kabla ya mwaka 1752 ikumbukwe kwamba mwaka ulianza tarehe 25 Machi, na ubatizo wa Februari 1720 kwa hesabu ya leo ni wa Februari 1721.

Majina ya kwanza ya wanawake yalikuwa machache na yalibadilika midomoni mwa watu. Ann na Hannah huingiliana katika hati za mtu mmoja, Mary huitwa Polly au Molly, Sarah huwa Sally, Margaret huwa Peggy, na Elizabeth ana orodha ndefu inayoanzia Betty hadi Eliza. Mtoto akifa, jina lake mara nyingi lilipewa aliyefuata, kwa hiyo ubatizo usikubaliwe kabla ya kukagua mazishi ya miaka inayofuata. Kuna watafiti wengi waliojenga vizazi vitano juu ya mtoto aliyezikwa akiwa na wiki tatu, na miti yao ya ukoo inanakiliwa mtandaoni kila siku. Kunakili mti wa mtu mwingine bila kuona hati ni sawa na kupokea uvumi. Tovuti za kujitolea kama FreeBMD na FreeREG, na ile ya FamilySearch, zitumike kama faharasa za kuelekea kwenye picha ya hati yenyewe.

Wosia wa mwanamke aliyeolewa ni nadra, kwani hadi sheria ya mwaka 1882 ilipoanza kutumika mwaka uliofuata mali yake kwa sehemu kubwa ilikuwa chini ya mume, na hakuweza kuusia bila ridhaa yake. Wajane na wanawake wasioolewa waliweza, na wosia zao zina utamu wa pekee kwa sababu hugawa vitu vidogo kwa kutaja majina: kitanda cha manyoya kwa mpwa, gauni kwa dada. Wosia za baba, mjomba na kaka asiye na watoto nazo zisomwe, kwa kuwa humtaja binti pamoja na mume aliyeolewa naye. Tangu Januari 1858 wosia zote ziko katika mfumo mmoja wa kitaifa. Za kabla ya hapo zilithibitishwa katika mahakama za kanisa, zile za Mahakama ya Canterbury zikiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, na nyingi nyingine katika hifadhi za kaunti.

Inatokea mara nyingi kwamba safari ya kurudi nyuma hufika kwenye parokia ambako wasichana wawili wenye jina moja walibatizwa katika kipindi cha miaka mitatu, wote wakiwa hai kwa kadiri madaftari yanavyoonyesha, na hakuna mahojiano, wosia wala shahidi wa kuwatenganisha. Hapo mtafiti huandika jina la kila mmoja, wazazi wake, tarehe ya ubatizo na sababu za kumpendelea au kumtilia shaka, kisha hufuatilia wote wawili kwenda mbele hadi ndoa na mazishi, maana mara nyingi yule asiyehusika hutambulika kwa kuolewa na mume mwingine katika parokia ya jirani. Isipotokea hivyo, mstari wa nasaba unaishia kwa bibi harusi, na majina yote mawili yanabaki kwenye jalada pamoja na alama ya kuuliza.